Pamba Ndani ya Nyumba

Jana nilinunua mto mpya mjini Bariadi, nikaunusa, harufu ya pamba ikanirudisha utotoni.

Nilipokuwa mdogo kwetu Nkoma, kuna msimu lori la ushirika la kuchukua pamba halikuja. Tulisikia wanunuzi binafsi wangekuja, ila lini, hakuna aliyejua. Pamba ilijaa chumbani mwetu hadi juu, na baba akakataza moto ndani.

Jioni moja mvua ilinyesha, paa likavuja. Mama akachukua mablanketi yetu, akaifunika pamba.

“Mayu, na sisi je?” nikamuuliza mama huku natetemeka kwa baridi.

“Nyie mtakauka, mwanangu. Pamba ikilowa, nani ataichukua?”

Wanunuzi walipofika hatimaye, waliibeba yote. Mama akakifagia chumba kitupu, kisha akatuita mmoja mmoja, akatutegea sikio kifuani, asikie kama baridi ya usiku ule ilituachia kikohozi.