Jani Lililofyekwa kwa Heshima ya Wageni

Mtafiti alipiga magoti mbele ya jani, akavua kofia kama yuko kanisani, akasema, "Mzee, mmea huu dunia haiujui."

Nikamwambia mimi nilishaula.

Alicheka, akidhani natania. Wakati wa vita mama alitukimbiza vichakani, upande wa mpaka wa Congo, nami nikiwa bado namfikia kiunoni. Mizizi ya jani hili ndiyo ilikuwa chakula chetu. Unachemsha mara tatu, unamwaga maji, mara ya nne unatia majivu. Ukikosea, unaharisha mpaka unasalimiana na mababu. Wadogo zangu wawili hawakurudi, na si jani lililowaua. Ni askari, na mtu wa kwetu aliyewaonyesha tulipojificha. Mtu huyo anauza sabuni sokoni Koboko, na Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka.

Tuliporudi, vichaka vyote vilikuwa vimegeuka makaa na mashamba ya tumbaku. Jani nililipata mahali pamoja tu, chini ya jiwe nyuma ya nyumba ya dada yangu, eneo la kutosha kuanikia muhogo. Miaka yote nilifukuza mbuzi pale. Watu walisema vita vilinilegeza kichwa. Sawa.

Huyo mtafiti alikuja kwa miguu kutoka Adumi, hema mgongoni, ndevu zimejaa mbegu za nyasi. Kila mtu alidhani anatafuta dhahabu. Mimi ndiye nilimpeleka kwenye jiwe. Akaahidi kurudi baada ya wiki mbili na wakubwa wake wa Kampala, waone wenyewe, pazungushiwe waya, pasiguswe na mtu. Nilitaka hilo tu: kitu kilichotulisha kibaki.

Kosa langu ni kumwambia mwenyekiti wa kijiji, mume wa dada yangu, kwamba wakubwa watafika pale. Kisha nikaenda hospitali ya Kuluva kupasuliwa jipu lililoota pahali sitapataja mwilini.

Nilirudi asubuhi ya wageni, natembea miguu imeachana kama bata. Nyuma ya nyumba ya dada palikuwa peupe, udongo umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, soda ziko kwenye beseni. Shemeji amevaa koti.

"Shemeji, jani iko wapi?"

"Jani gani? Wageni ya Kampala ikute sisi kama watu ya pori? Nilitoa watu, walifyeka siku mbili. Na mizizi tulichimba, isiote tena."

"Mlitupa wapi?"

"Tulichoma na takataka. Wewe badala ya kusema asante, unasimama vibaya mbele ya viti."

Kwetu mgeni akikuta majani yamesimama uani, aibu ni ya ukoo mzima. Najua, nami nimefagia hivyo tangu utotoni. Lakini nasema wazi: aliyeliua ni shemeji yangu, na panga nilimpa mimi, kwa mdomo wangu.

Gari likafika. Mtafiti alitazama ule udongo, akaacha viti vyote, akakaa chini. Shemeji akaanza hotuba: "Tumewasafishia!" Wakubwa wakapiga makofi.

Mimi nikaenda kwenye jalala. Nikainama, kidonda cha jipu kikaniuma, nikachambua majivu kwa mikono. Mtafiti akaja, tukachambua wote. Mizizi ilikuwa imeiva kama viazi vya kuchoma. Mmoja tu, mdogo kama kidole gumba, ulikuwa bado mbichi upande mmoja.

"Nipe niupeleke Kampala, mzee. Huku wataumaliza."

"Kampala iko na wageni mingi kuliko hapa," nikamwambia.

Akajipangusa majivu, akanifuata. Tuliupanda nyuma ya choo changu, mahali ambapo hakuna atakayefagia kwa ajili ya mkubwa yeyote. Mvua ya tatu ilipopita, ulitoa ncha nyekundu. Nimempigia mtafiti simu. Shemeji nimemwambia choo kimejaa.