Moto Niliouzima kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto sikuogopa nyoka, wala chui, wala yule Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu aliyepanda milimani kwetu kutoka Same na askari wake. Waulizeni wa rika langu huku Upareni. Giza tu ndilo lililoniweza, tena giza la mchana.

Masika ile mvua ilinyesha hadi mlima ukalegea. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, mama ameshuka gulioni Hedaru. Mimi, mdogo wangu Nakijwa wa miaka minne na mbuzi wawili tulikuwa nyumbani kwa Bibi, tunangoja maharage yaive. Tukasikia ngurumo isiyotoka mbinguni. Mlango ukavimba kuelekea ndani, udongo ukatumeza hadi kwenye paa. Ilikuwa adhuhuri, na hatukuona hata ufa wa mwanga wa jua.

“Msilie,” Bibi alisema. “Giza la usiku linapita. Hili la ardhini hukaa likingoja moto uzimike, kisha linachukua.”

“Linachukua nini?”

“Linachokikuta.”

Basi akawa anaulisha moto. Kuni zilipokwisha akavunja kitanda chake, fito moja moja. Moshi haukuwa na pa kutokea. Nakijwa alikohoa, akakohoa, halafu akaacha, na kuacha kule ndiko kulikonitisha.

“Bibi, mtoto hapumui vizuri.”

“Naona. Moto ukizimika itakuwa vibaya zaidi. Kaa!”

Kwa miaka mingi nimesimulia kwamba hapo nilikumbuka somo la mwalimu wetu, mshumaa chini ya gilasi unavyomaliza hewa, nikaamua kama mwanamume. Uongo mtupu. Mkojo ulikuwa umenibana, na kona ya mbuzi ilikuwa nje ya mwanga. Sikuthubutu kwenda. Nikasimama palepale nikakojolea mafigani.

“We mtoto! Umefanya nini?”

Moto ukalia, ukafa. Mbuzi wakanyamaza kwa pamoja. Kitu kikapita kati yetu polepole, kinapapasa. Kilinigusa shavu, naapa, kikaelekea kwa Nakijwa. Nikamsikia Bibi akimvuta mtoto mapajani, akisema kwa Kipare, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni: “Hawa bado wadogo. Kama ni kuchukua, chukua kwangu.”

Moshi ukatua. Baada ya muda Nakijwa akakohoa tena.

Tulifukuliwa kesho yake. Majirani walipobomoa paa, jua likatuangukia usoni, mimi na Nakijwa tukafumba macho. Bibi hakufumba. Aliuliza, “Kumekucha?”

Mganga wa hospitali alisema kilichompofusha Bibi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi, siku ile ulimalizia tu. Huenda. Lakini yeye hakuwamo mle ndani.

Kijiji kizima kilinisifu kwa akili ya kuuzima moto. Nikazipokea sifa zote, nikaziongezea chumvi. Bibi hakumwambia mtu ukweli. Siku moja tu, nikimshika mkono kwenda kanisani, nilijaribu kumwomba radhi.

“Huyo anayekimbia mbele yetu ni nani?” akaniuliza.

“Nakijwa.”

“Basi nyamaza, tutembee.”

Leo kichwa kimejaa mvi, na bado sijui kama nilimwokoa Nakijwa au nilimtoa Bibi kafara. Huenda ni yote mawili, na Bibi alilijua hilo siku ileile, akanibebea siri hiyo mpaka kaburini.