Mikuki Chumbani mwa Nyanya Kerubo

Iko siku ambayo haiishi kunirudia, mwanangu, na leo imenirudia kwa sababu yako na wenzako. Tangu asubuhi mnabishana hapa sokoni Nyaramba. Huyu anasema serikali ikikaza sheria ya bunduki mauaji yatapungua. Yule anasema mwizi hajawahi kusalimisha silaha. Kila mmoja anarudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, akidhani ameongeza hoja. Mmenichosha. Nisikilizeni kidogo, kisha mwendelee na kelele zenu.

Nilipokuwa kijana, kila mwanamume wa mlima wetu alitembea na mkuki. Tukimaliza kulimiana shamba tuliketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake mrefu, mkuki umeegemea ukuta nyuma yake. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulianza kwa mzaha, ukaisha kwa maziko. Wazee wa ukoo wakaweka sharti: anayekuja kunywa ampe Nyanya Kerubo, kikongwe wa ukoo wetu, mkuki wake, auchukue kesho yake asubuhi.

Nyanya Kerubo aliiweka mikuki chumbani kwake, kando ya kitanda. Chinsoni mnaijua, ile adabu yetu kati ya mzazi na mtoto. Mwanamume wa rika la wanawe hawezi kukanyaga chumba kile, hata awe amelewa namna gani.

Kaka yangu Ombati na jirani yetu Nyangau hawakukosa la kugombania.

"Shukuru mkuki wangu umelala kwa nyanya," Nyangau alimwambia siku moja.

"Umelala pazuri kuliko wewe," Ombati akajibu. "Wewe mkeo amekufungia nje."

Watu wakacheka, ngumi zikarushwa. Kesho yake walifika kuchukua mikuki, nyuso zimevimba, na Nyanya Kerubo akawasimamisha mlangoni wote wawili mpaka alipomaliza uji wake.

Je, wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mpaka walikoma? Hawakukoma. Walikuja na pinde zao kama kawaida, na anayewaambia kwamba sharti lile liliwazuia anawadanganya. Lakini wengi wa waliotuua hawakutoka mbali. Tulikuwa tukinywa nao chungu kimoja, na mauaji hayo ndiyo yaliyokoma.

Kisha tukapata chifu mpya. Yeye aliona aibu sheria kulala chumbani mwa kikongwe. Akajenga stoo ya mabati ya kuwekea mikuki, akatia kufuli, akaweka askari, akatangaza faini. Ilikuwa sheria kali kuliko ile ya kwanza, nasi tukaipigia makofi.

Nyanya Kerubo alisimama barazani kwa chifu akauliza, "Na ufunguo atakaa nao nani?"

"Askari wangu, mama. Ni mtu wa serikali."

"Anakunywa?"

Watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka.

Jioni moja baada ya mavuno, Ombati alimtania Nyangau kama kawaida yake. Nyangau akaondoka, akampelekea askari kibuyu cha pombe, akarudi na mkuki. Ombati alikuwa bado ana mrija mdomoni. Tulimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Kisii, akakata roho kabla hatujafika Nyamira. Nyangau naye alichukuliwa na serikali, hakurudi. Wajane wao wakabaki wakilima pande mbili za mpaka ule ule.

Wazee walikwenda kumwomba Nyanya Kerubo aipokee mikuki tena. Aliwasimamisha mlangoni muda mrefu.

"Niliuliza," alisema. "Nikajibiwa kwamba ni mtu wa serikali."

Kisha akaipokea.

Basi, mwanangu, acha kuniuliza kama sheria ya silaha inasaidia au haisaidii, kana kwamba ni dawa ya minyoo. Uliza kwanza wanaokufa wanauawa na nani. Kisha uliza ufunguo uko kwa nani, na ni kitu gani kinaweza kumfanya aufungue mlango. Anayesema haisaidii hakumwona Ombati akirudi nyumbani na jicho lililovimba, mzima. Anayesema ukali peke yake unatosha hakubeba ile machela.

Nendeni sasa, mbishane kwa sauti ya chini. Mungu awajalie kuzeeka pamoja na wale mnaogombana nao.