Kwaya Iliyokatazwa Kucheza

Jumamosi nilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika chumba cha kanisa, nikimtazama mama mmoja aliyekimbia vita Uvira akiunganisha kompyuta mbili kwa waya. Moja ni kongwe, ya kuchomekwa kwenye televisheni, na ukiizima inasahau kila kitu. Nyingine aliazimwa na padri wa Likuni, aliyekuwa nje akisubiri kuirudisha mjini. Humo ndimo ilimokuwa programu ya kujifunza kupiga chapa, na mwanafunzi wa mama ana mtihani wa kuomba kazi Jumatatu kwenye ghala moja la Kanengo.

Programu ilipita kwenye waya polepole, kuingia ile kongwe. Kwaya ilikuwa humohumo ikifanya mazoezi. Ilipofika kwenye kiitikio ikaanza kucheza, meza ikatikisika, waya ukachomoka. Kazi yote bure, ikabidi kuanza upya.

Mama hakugomba. "Bamama, muimbe tu, lakini muikale."

"Kuimba bila kucheza, dada? Hiyo njo matanga."

"Basi mufanye kama mi nimekufa."

Wakakaa. Wakaimba beti zote huku wamebana magoti kwa mikono. Padri akaingia kuwaharakisha, akaona, akafumba funguo zake kiganjani zisilie. Maandishi yakatokea kwenye televisheni. Mwanafunzi akaweka vidole.

Nimehudhuria semina nyingi za teknolojia Lilongwe, zenye chai na vitambulisho vya shingoni. Sijaona humo mtu akizuia hata ulimi wake kwa ajili ya kazi ya mwenzake.

Mama akachomoa waya, akamrudishia padri kompyuta yake. "Sasa bamama, muende mucheze inje. Hii haizimwi mpaka Jumatatu."