Kilingala cha Mama

Kosa langu la kwanza katika mambo ya lugha lilikuwa kuamini kwamba Kilingala ni lugha ya hasira. Ushahidi ulikuwa mwingi mno. Kila asubuhi, harufu ya mikate inayokaangwa kwa mafuta ya mawese ilipoingia chumbani kwetu, mtaani Kabondo, sauti ya Mama iliingia nayo kutoka uani: “Yo! Oyoki te?” Wewe! Husikii? Nami niliziba masikio. Jioni, mlango ukishafungwa, alinivuta karibu kwa Kiswahili: “Kuya apa, mutoto yangu. Ulishakula?” Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na nilijiuliza ni mama yupi kati ya hao wawili aliyekuwa wa kweli.

Msimu mmoja wa mvua kanuni yangu ilivunjika. Kaka yangu alichelewa kurudi kutoka mtoni. Alipoingia amelowa, Mama alifunga mlango na, huku akitetemeka kwa hasira, akamgombeza kwa Kiswahili, sauti ya chini. Nilifadhaika kama mtu aliyeibiwa. Halafu nikaufikiria ule mlango. Labda jambo halikuwa hasira. Labda Kilingala kilikuwa kwa ajili ya Mama Asina, jirani tuliyekaa naye ua mmoja, ili asikie kwamba watoto wa nyumba hii wanalelewa. Wazo hili lilinipendeza, lakini hata lile la kwanza lilinipendeza. Nilihitaji siku ambayo wazo hili lingeweza kushindwa.

Mama Asina aliposafiri kwenda Isangi na watu wake wote, ua ukabaki mtupu. Mchana kweupe, mlango wazi, nikaimwaga makusudi ndoo ya maji ambayo Mama alikuwa ametoka kuchota. Akanitazama. Akavuta pumzi.

“Sasa tutapikia nini, mutoto yangu?”

Kiswahili, na mlango wazi! Nikaangua kilio.

“Bon, unalilia nini? Iko maji tu!”

Nilipomweleza jinsi nilivyokuwa nikikipima Kilingala chake, alicheka mpaka akakaa chini. “Kumbe! Mi mwenyewe sikujuaka. Alors, porofesa, beba ndoo yako, twende bombani.”

Leo najifundisha isimu mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na bado naandika upya kurasa. Lakini siridhiki tena na mifano inayokubaliana nami. Naita ugunduzi lile wazo lililosimama siku ambayo lingeweza kuanguka, na ambalo mwenye lugha mwenyewe anashangaa kujikuta ndani yake. Na Mama akinifokea kwa Kilingala, sizibi masikio. Nageuka kutazama ni nani anayepita.