Maandishi Nyuma ya Ua Jekundu

Siku mwenye kitabu alipokuja kukidai, nilikuwa nimeshakichinja. Ndivyo ninavyosema mimi, kama mafundi gereji wanavyochinja gari bovu wakauza taa kivyake na milango kivyake. Kitabu cha zamani chenye picha za rangi, ukitaka kukiuza kizima utakaa nacho mezani mpaka mchwa wakuhurumie. Lakini ukikata picha moja moja ukazitia fremu, zinakwenda: hotelini, ofisini, kwa wageni wa chuo kikuu. Nimefanya hivyo miaka mingi hapa Morogoro mjini na sikuwahi kukosa usingizi.

Kitabu chenyewe kililetwa na mwanaume mmoja wa milimani, mtu wa makamo, amekitia kwenye kiroba cha unga. Kilikuwa cha mimea, Kijerumani kitupu, jalada limeliwa na mende pembeni. Lakini ndani, loo! Maua, majani, mizizi, vyote vimechorwa kwa mkono uliotulia, na kila picha imefunikwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikakaza uso. Kwenye biashara hii ukionyesha furaha umeliwa. Nikageuza picha ya kwanza, nikakuta mtu ameandika nyuma kwa wino, mwandiko mdogo mdogo, karatasi imejaa. Picha ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Nikasonya.

"Maandishi haya yanaharibu bei," nikamwambia. "Kitabu cha nani?"

"Cha baba. Ametutoka."

Nikasema pole. Nikataja bei ya chini, nikisubiri abishane. Hakubishana. Alipokea na kuondoka haraka, hata kiroba chake akakiacha.

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Marehemu mama yangu alikuwa Mluguru. Mimi nimekulia Mafiga, hapa mjini, sawa, lakini najua, kama kila mtu wa hapa anavyojua, kwamba huko juu ukoo hufuata mama. Wenyewe wanauita lukolo. Mwanaume akifa, vitu vya ukoo alivyokuwa akivitunza haviendi kwa mwanawe. Vinarudi kwa dada yake na watoto wa dada yake. Mtu kuniambia "cha baba" ilitosha kabisa kunishtua. Ningemuuliza swali moja tu: shangazi yako anajua? Sikuuliza, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye maua. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Ule mwandiko sikuujali tena. Fundi wangu wa fremu hubandika picha kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao, kwa hiyo nyuma haionekani. Nilikaa siku mbili na kisu kikali na rula, nikazitoa zote. Sikusoma hata mstari mmoja.

Zikapita wiki tatu hivi. Asubuhi moja akasimama mbele ya meza yangu bibi mfupi, rozari shingoni, matope ya mlimani bado hayajakauka kwenye viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa vitabu?"

"Ndiye mimi."

"Nipe kitabu cha kaka yangu."

Aliyasema bila ukali. Nikamvutia kiti. Akanieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeyarudia njia nzima. Kaka yake alikuwa katekista. Kitabu alipewa kigangoni zamani, na kwa kuwa karatasi zilikuwa za shida, akawa anaandika mambo ya ukoo nyuma ya zile picha: nani kazaliwa, nani kafa, kazikwa wapi. Na nyuma ya ua jekundu lenye ulimi mrefu aliandika mipaka ya shamba la ukoo, wazee wakiwa wamesimama pale, wakatia dole gumba. Shamba hilo ndilo linalomlisha bibi tangu akiwa msichana. Sasa kaka hayupo, na mtoto wa kaka anasema shamba lilikuwa la baba yake. Baraza la kijiji lingekaa keshokutwa. Bibi alikuwa ameshamwambia mwenyekiti kwamba maandishi yapo.

"Nipe tu lile ua," akasema. "Mengine nitayafuata siku nyingine."

Nikainama chini ya meza nikamtolea nilichokuwa nacho: jalada tupu. Akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akapitisha vidole mle ndani palipokuwa na kurasa.

"Maua yako wapi?"

Mimi nikiona aibu huwa nakasirika. Tabia mbaya, nimezaliwa nayo. Nikamfokea bibi wa watu mbele ya wapita njia: "Mimi nimenunua, sikuiba! Mwulize mtoto wenu!" Alibaki amelishika lile jalada, na muuza maji wa jirani akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Nikafunga meza, nikamwambia twende.

Kwa fundi wa fremu tulikuta picha nne tu. Ua jekundu halikuwamo. Fundi akajikuna kichwa, akasema lilichukuliwa juzi na hoteli moja, njia ya kupandia mlimani. Tukapanda bajaji. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu wawe bado hawajaitundika, kana kwamba hilo lingebadilisha kitu.

Walikuwa wameitundika, tena mapokezi, mahali pa kuonekana. Bibi akaitambua tangu mlangoni. "Lile pale," akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. Meneja, kijana mwenye tai, akanisikiliza huku akitabasamu, kisha akasema kitu kikishanunuliwa kimenunuliwa. Nikamwambia nitamletea picha mbili badala ya moja. Akasema aandike kwanza kwa mwenye hoteli, yuko safarini. Nikamwuliza anarudi lini. Akasema wiki ijayo, akipenda Mungu.

"Wiki ijayo!" nikasema. "Bibi huyu atakuwa hana pa kulima wiki ijayo!"

Nikavua viatu, nikapanda kwenye kiti chao cha wageni, nikaing'oa mwenyewe. Meneja akaita mlinzi. Mlinzi alikuja, akamwona bibi na rozari yake, akamwamkia shikamoo, akasimama pale pale mikono nyuma. Nikaondoka na picha kifuani. Picha mbili nilimpelekea meneja baadaye, na matusi yake nikayapokea.

Kwa fundi tukatoa kioo, tukatoa fremu. Ikabaki karatasi na ubao wake. Fundi akabonyeza pembe kwa kidole, akatikisa kichwa. "Dada, hii niliipaka nikijua haitatoka milele." Nikamwambia aweke birika jikoni. Tukaishika picha juu ya mvuke, yeye na kisu chembamba, mimi nikivuta kidogo kidogo, bibi kwenye benchi anahesabu Salamu Maria zake. Robo ya kwanza ikatoka nzuri. Moyo ukaanza kunirudi. Halafu karatasi ikapasuka katikati ya unene wake: ua likaja mikononi mwangu zima, jekundu, na ngozi ya nyuma ikabaki kwenye ubao, imelowa gundi, wino umeenea wote. Niliona "mpaka". Niliona "mto". Zaidi ya hapo ilikuwa rangi ya samawati tu.

"Inasema nini?" bibi akauliza.

"Imeharibika, bibi."

Fundi akatoka nje. Bibi akasogea akauangalia ubao, kisha akaniangalia mimi.

"Lakini wewe uliisoma kabla hujaileta hapa," akasema. "Mimi sikupelekwa shule. Wewe kazi yako vitabu. Utakuja kwenye baraza uwaambie ulichokisoma."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe fupi. Nikatazama zile nywele nyeupe, nikatazama ubao, nikasema, "Nitakuja, bibi."

Jumamosi nikapanda gari la Mkuyuni, kisha pikipiki mpaka ilipokomea barabara, halafu miguu. Baraza lilikaa kibarazani pa ofisi ya kijiji. Yule mwanaume aliyeniuzia kitabu alikuwa ameshafika. Aliponiona alishtuka, kisha akaangalia chini. Alipopewa nafasi alizungumza vizuri, sitamdhulumu katika hili. Alisema amelima pale na baba yake tangu ana meno ya utoto, na midalasini ya upande wa juu ameipanda kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakaguna kwa kukubali.

Kisha akasimama bibi. Mwenyekiti akamwambia ataje mipaka. Akaitaja, macho ameyafumba: "Unaanzia mtoni, unapanda mpaka kaburi la bibi yetu, unakata kwenye jiwe kubwa jeusi, unashuka tena mtoni." Mwenyekiti akaandika. Akauliza maandishi yako wapi. Nikaweka ule ubao mezani, nikaeleza nilivyokichinja kitabu. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Watu wa mjini!"

"Kabla hujabandika, uliyasoma?" mwenyekiti akauliza.

Yule mwanaume akasimama. "Mwenyekiti, huyu amekaa hapa anasikia kila kitu! Na mimi nilikuwepo. Aliyaangalia akasonya, akaniambia yanaharibu bei. Alisoma saa ngapi?"

Alikuwa anasema kweli tupu. Nami kama kawaida yangu, nilipobanwa nikawaka: "Na wewe ulijua kilichoandikwa, au hukujua? Kama ulijua, mbona ulikimbilia kuuza? Kama hukujua, mbona hukubishana hata bei?" Kibaraza chote kikamgeukia yeye. Nikajua hapo hapo kwamba nimeshamshinda, na nikaona raha, Mungu anisamehe.

Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, Msahafu ukaletwa kutoka nyumba ya jirani, umefungwa kitambaa cheupe. Nikanawa. Nikaweka mkono. Mwenyekiti akanisomea mipaka kama bibi alivyoitaja, mto, kaburi, jiwe jeusi, mto, akauliza kama ndivyo nilivyosoma.

"Ndivyo," nikasema.

Baraza likampa bibi shamba. Yule mwanaume aliondoka bila kumwamkia mtu. Wanawake wakapiga vigelegele, nikapewa ndizi mkungu mzima, nikashikwa mikono mpaka nikaona kweli nimefanya la maana. Njia ya kushuka nilikuwa nakaribia kuimba.

Bibi akanisindikiza. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Tulipofika karibu na barabara, pikipiki yangu ikiwa inaonekana, akasimama.

"Kaka yangu alikuwa akinisomea ile karatasi kila mwaka kabla ya kupanda," akasema. "Leo nilipofika upande wa juu, pakawa giza. Nikasema jiwe. Nimekumbuka sasa hivi tu, tukiwa tunashuka. Kaka hakuandika jiwe. Aliandika mkuyu. Jiwe liko juu zaidi. Kati ya mkuyu na jiwe ndipo penye midalasini ya yule mtoto."

Sikuweza kumwangalia.

"Mimi nimekosea kwa uzee," akasema. "Wewe umekosea kwa nini?"

Nilitaka kumwambia ni huruma, nilitaka kumwambia ni aibu, nilitaka hata kumkasirikia. Mwenye pikipiki akapiga honi. Bibi alikuwa ameshageuka, anapanda tena kilima kwa zile hatua zake fupi. Nilimwuliza anakwenda wapi. Alisema kwa mwenyekiti, kabla hajafunga ofisi.

"Watakunyang'anya, bibi! Ukisema umesahau, na mimi nikaonekana mwongo, hutabaki na kitu!"

"Wafu wetu wamelala mle," akasema bila kugeuka. "Unataka niwalalishe juu ya kiapo chako?"

Nilisimama pale na mkungu wangu wa ndizi. Kisha nikautua chini, nikamfuata.

Mwenyekiti alikuwa bado hajafunga. Akamtuma mtu kumwita yule mwanaume na wazee wa baraza, tukawasubiri, na kule kusubiri kulikuwa kurefu kuliko siku nzima. Alipofika bibi akasema lake. Nami nikasema langu, mbele yake, nikimwangalia: sikusoma hata mstari mmoja, nilikuwa naangalia picha tu. Baraza likafuta ushahidi wangu, na hakukuwa na karatasi ya kushika badala yake, basi shamba likakatwa katikati, nusu kwa bibi na nusu kwa mtoto wa kaka yake. Bibi alipoteza nusu ya shamba lake kwa yale maneno yangu ya kweli, na ndiye aliyenishika mkono tukitoka.