Sita Iliyojiandika

Hospitalini walimwita Dada Mitambo, ingawa kazi yake hasa ilikuwa kuandika programu. Ile ya bohari aliiandika peke yake, na kazi hiyo aliipata kwa sababu kaka yake, mtunza bohari wa tawi moja la hospitali, alimsemea kwa wakubwa mpaka wakachoka kumsikiliza.

Ilikuwa programu ya maandishi matupu, isiyo na picha, kwa kuwa bohari zilikuwa bado na skrini za zamani zilizounganishwa kwa waya na kompyuta kuu. Skrini hizo hazikufanana. Kuna zilizojua rangi, kuna zilizojua kijani tu. Kwa hiyo kila ukurasa ulipofunguka, programu iliiuliza skrini kimyakimya: wewe ni aina gani, unaweza nini? Skrini ilijibu kwa alama chache, programu ikazimeza, kisha ukurasa ukachorwa kwa namna inayoifaa. Mtumiaji hakuona kitu. Dada Mitambo alijivunia sehemu hiyo kuliko zote.

Asubuhi moja kaka yake akampigia simu.

"Mdogo wangu, hii skrini yangu inajiandikia yenyewe."

"Inaandika nini?"

"Inatupia tarakimu. Nikiiona naifuta. Nikiwa na haraka inanipita."

"Kaka, hilo ni tumbo lako linaegemea kibodi. Sogeza kiti nyuma."

Kaka akacheka, maana tumbo lilikuwapo kweli. Alipopiga tena baadaye, Dada Mitambo akasema atakuja kuangalia. Hakwenda. Hospitali kuu programu ilikuwa inakwenda vizuri, wakubwa wanamsifu, na kazi nyingine zilimbana.

Wakaguzi walipofika tawini, mambo yakaharibika. Kompyuta ilisema yamepokelewa maboksi sitini na manne ya glavu. Rafuni yalikuwapo manne. Mashuka hivyo hivyo, mablanketi hivyo hivyo. Vingi vilikuwa vitu vya msaada, visivyo na ankara. Wakaguzi hawakwenda mbali: vitu vimepokelewa, vitu havipo, na funguo anazo mtu mmoja.

Kamati ikamwita Dada Mitambo.

"Programu yako inaweza kujiandikia idadi?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Inachukua kile tu kilichoandikwa kwenye kibodi."

Alisema bila kusita. Kaka yake, aliyekaa ng'ambo ya meza, alimtazama, kisha akaiinamia mikono yake mwenyewe. Wiki hiyo hiyo akaachishwa kazi.

Miezi ikapita. Dada Mitambo akatumwa tawini kumwelekeza mtunza bohari mpya, akakaa kwenye kiti kilekile cha kaka yake. Akafungua ukurasa wa kupokelea vitu, akaweka mikono mapajani huku akieleza. Kwenye nafasi ya idadi ikajitokeza sita. Akadhani mtunza bohari mpya amegusa kitu. Akafunga, akafungua tena. Sita.

Waya wa kwenda tawini ulikuwa mzito, ukipitisha alama polepole. Programu iliuliza, ikangoja kidogo, ikaona kimya, ikaendelea na kazi. Jibu la skrini lilifika likiwa limechelewa, na programu ikalipokea kana kwamba mtu ameandika. Nafasi ya idadi ilikubali tarakimu tu, hivyo alama nyingine zote zilitupwa, ikabaki sita, ambayo skrini ile iliitumia kutaja aina yake. Mtu akiandika nne, inasomeka sitini na nne.

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Aliifanya programu iulize mara moja tu inapowashwa, ingoje kwa subira zaidi, na jibu lililochelewa ilitupe kabla halijafika kwenye nafasi yoyote. Kisha akawaeleza wakubwa kila kitu, bila kujikinga. Kaka yake akasafishwa jina na kuitwa arudi. Akakataa.

Wifi yake ndiye aliyemfungulia mlango. "Yupo nyuma," akasema, bila kumkaribisha kiti.

Kaka alikuwa anavisha kochi kitambaa kipya, kazi aliyoianza baada ya kufukuzwa. Misumari midogo alikuwa ameibana kwa midomo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitema kiganjani.

"Nilijua si mimi," akasema. "Mke wangu naye alijua."

"Kaka, nimekukosea. Ningejua kwamba waya..."

"Sikukwambia uniamini, mdogo wangu. Nilikwambia uje uangalie."

Kaka akamwonyesha kigoda, akamwita mkewe alete chai, akarudi kwenye kochi lake.

Alimsamehe, na hajalirudia jambo lile tena. Wanatembeleana, wanataniana, tumbo linasemwa kama zamani. Ila simu ya kaka ikisumbua huipeleka kwa fundi wa dukani, na watoto wakimkumbusha kwamba shangazi yao yupo hapa hapa sebuleni, husema, "Mwacheni apumzike."